Mchujo katika ngome ya chama: maana yake na jinsi unavyoamua kiti cha seneti

Mchujo ni kura ya kumpata mgombea wa chama. Watanzania huiita kura za maoni. Katika jimbo ambalo ni ngome ya chama kimoja, hapo ndipo seneta hupatikana kwa kawaida, na uchaguzi mkuu huja kuthibitisha. Tusichanganye na mfumo wa chama kimoja: katika ngome, wapinzani wako huru kusimama na kura zao zinahesabiwa, ila wamezoea kushindwa. Wakenya wanalijua hili kutokana na kaunti ambako tiketi ya chama ndiyo inayogombewa kwa jasho.

Mfano bora ni Alabama, Marekani, ngome ya chama cha Republican, ambacho mpinzani wake mkuu ni Democratic. Kabla ya mwaka 2017, Mdemokrati wa mwisho kushinda kiti cha seneti huko alikuwa Richard Shelby mwaka 1992, naye alihamia Republican miaka miwili baadaye.

Sheria ya Alabama inataka mshindi wa mchujo apate zaidi ya nusu ya kura. Akikosekana, wawili wa juu hurudi kwa duru ya pili. Mwaka 2017 kiti cha Jeff Sessions kilikuwa wazi baada ya yeye kuteuliwa Mwanasheria Mkuu, na uchaguzi mdogo ukaitishwa. Katika mchujo wa Republican wa Agosti 15, Roy Moore alipata takriban asilimia 39 na Luther Strange 33. Duru ya pili ikafanyika Septemba 26, Moore akashinda kwa kura kama 262,000. Jimbo lilikuwa na wapiga kura walioandikishwa wapatao milioni 3.3, kwa hiyo chini ya mmoja kati ya kumi ndio waliomchagua mtu aliyetarajiwa kuwa seneta wa wote. Huu ndio udhaifu mkubwa wa ngome: wachache wenye msimamo mkali wana uzito kuliko idadi yao.

Udhaifu wa pili ni kalenda. Novemba wanawake kadhaa walimtuhumu Moore kwa mienendo ya kingono dhidi yao walipokuwa wasichana wadogo, alikanusha. Chama hakikuweza kumbadilisha, kwa sababu sheria inafunga majina siku 76 kabla ya kura, na uchaguzi ulikuwa Desemba 12.

Wafuasi wa chama waliokerwa walibaki na njia tatu: kukaa nyumbani, kumpigia mpinzani, au kuandika kwa mkono jina la mtu asiyekuwemo kwenye karatasi. Shelby mwenyewe alitangaza kwamba ameandika jina la Mrepublican mwingine. Kura za namna hiyo zilifika 22,852. Mdemokrati Doug Jones alimshinda Moore kwa kura 21,924, pungufu kidogo ya hizo. Ndiyo maana ni kosa kuzipuuza kama kura zilizopotea.

Ngome haikuwa imebomoka. Mwaka 2020 kiti kiligombewa siku moja na urais, na karatasi ya Alabama inamruhusu mpiga kura kuweka alama moja tu kuwachagua wagombea wote wa chama chake. Jones alipata takriban asilimia 40, Mrepublican Tommy Tuberville 60. Pambano lenyewe lilikuwa limemalizika tangu Julai, Tuberville alipomwangusha Sessions, aliyetaka kurudi kwenye kiti chake, katika duru ya pili ya mchujo.