Je, Wajua? Meseji Uliyoifuta Huenda Bado Imo Ndani ya Simu

Shangazi yangu wa Tanga alikuwa akisafisha simu. Ilikuwa imejaa matangazo: bando la usiku, bahati nasibu, mkopo wa haraka. Anashikilia kwa kidole, anachagua, anafuta. Katika mkumbo huo yakapita pia mazungumzo yake yote na baba mdogo, na ndani yake meseji moja yenye mipaka ya shamba la Pangani: kutoka mnazi upi hadi mnazi upi, na majina ya wazee waliokuwepo siku ya kupima. Alipogundua alikaa kibarazani, simu mapajani, hataki hata kuigusa.

Jioni tukaipeleka kwa fundi. Fundi akawasha intaneti, akapakua programu tatu za kurejesha meseji, zote ndani ya simu ile ile. Hakuna kilichorudi. Baadaye nilipojifunza jinsi simu inavyofuta vitu, nilielewa kwamba shangazi kuiacha simu pale mapajani kulikuwa na busara kuliko yote tuliyoyafanya baada ya hapo.

Fikiria nyumba ya kupanga. Mpangaji kahama ghafla, kaacha kitanda na sufuria zake. Dalali anachofanya ni kubandika karatasi mlangoni: chumba kipo wazi. Vitu bado vimo. Vitatoka siku atakapoingia mpangaji mpya, na siku hiyo ikishapita, hata ukija na ufunguo utakuta kitanda cha mtu mwingine. Kufuta meseji, kwa asili yake, ni kubandika ile karatasi.

Hili lilionekana wazi kabisa enzi za simu za vitufe, meseji zilipokuwa zinakaa kwenye laini. Meseji ya kawaida ina herufi 160, na herufi hizo hubanwa zikatosha katika baiti 140 (baiti ni kipimo kidogo cha kumbukumbu). Laini huitengea kila meseji kijumba cha baiti 176, maana kuna pia namba ya mtumaji, saa na tarehe. Baiti ya kwanza kabisa ya kijumba hicho ni alama ya hali yake: 1 maana yake meseji imesomwa, 3 haijasomwa, 0 kijumba kiko wazi. Simu nyingi za zamani zilipoamriwa kufuta zilibadilisha baiti hiyo moja tu kuwa 0. Baiti 175 zilizobaki hazikuguswa. Mtu mwenye kisomeo cha laini na kompyuta aliweza kuzisoma neno kwa neno. Wachunguzi wa polisi walifaidika sana na udhaifu huo, mpaka watengenezaji walipoanza kuandika juu ya kijumba kizima wakati wa kufuta.

Simu janja haiweki tena meseji kwenye laini. Inaziweka katika hifadhidata, yaani daftari moja kubwa lenye safu na mistari. Kwenye Android daftari hilo linaitwa mmssms.db, kwenye iPhone ni sms.db, na yote mawili yameandikwa kwa SQLite, programu iliyoanzishwa na Mmarekani Richard Hipp mwaka 2000. SQLite hugawa daftari lake katika kurasa, mara nyingi za baiti 4096. Ukifuta meseji, mstari wake huondolewa kwenye orodha na nafasi yake huandikwa kuwa wazi. Isipoamriwa vinginevyo, SQLite haihangaiki kufuta maneno yenyewe. Hukaa pale yakingoja meseji nyingine ije iyakalie. Nasema isipoamriwa, kwa sababu ipo amri ya kuifanya ijaze sifuri papo hapo, na mtengenezaji wa simu akiiwasha hiyo, meseji inakwenda moja kwa moja.

Sasa utaona kosa la fundi wetu. Kila kitu unachofanya na simu baada ya kufuta ni mpangaji mpya anayetafuta chumba: picha ya WhatsApp inayojipakua, tangazo jingine la bando, na hasa programu nzima unayoipakua ili ikusaidie. Kama kuna jambo moja la kufanya dakika ile ile, ni kuzima data na wifi na kuiacha simu itulie.

Nisikupe matumaini ya uongo, lakini. Zamani fundi mwenye kompyuta angeweza kuinakili kumbukumbu yote ya simu na kuichekecha. Siku hizi kuna kuta mbili mbele yake. Ya kwanza ni kumbukumbu yenyewe. Hii haiwezi kuandika juu ya maandishi ya zamani kama unavyoandika upya kwenye ubao. Lazima kwanza ifute eneo zima, ndipo iandike. Kwa hiyo simu inapokuwa imetulia hujipangia kazi ya usafi: mfumo huiambia kumbukumbu ni sehemu gani hazihitajiki tena, nayo huzisafisha mapema ziwe tayari. Vyumba vinadekiwa hata kabla mpangaji hajaja.

Ukuta wa pili ni kufuli. Simu nyingi mpya za Android zilianza kusimba data zake kwa lazima, yaani kuzigeuza maandishi yasiyosomeka bila ufunguo, kuanzia Android 6 ya mwaka 2015, na tangu Android 10 kila simu mpya husimba faili moja moja. Ukiibandua kumbukumbu na kuisoma nje ya simu utapata vurugu tupu, maana ufunguo uko ndani ya simu na umefungamana na namba au mchoro wako wa kufungulia skrini.

Ndiyo maana programu nyingi za kurejesha meseji zitakutaka kwanza uiruti simu, yaani ujipe mamlaka yote ya mfumo. Kwenye simu nyingi za Android huwezi kuiruti bila kufungua kufuli ya mfumo wa kuwashia, na kufuli hiyo ikifunguliwa simu hujifuta yote, makusudi, kwa usalama wako. Unaambiwa ubomoe nyumba ili utafute sufuria. Kuna zinazokuja kwa upole zaidi na kuomba ruhusa ya kusoma meseji zako tu. Meseji hizo ndizo zinazobeba namba za siri za mara moja za benki na za pesa za simu. Hilo linanikera kwa dhati, kwa sababu anayepakua programu hizi ni mtu aliyekwisha kupata hasara, na anaibiwa mara ya pili akiwa na majonzi.

Basi kinachofanya kazi ni kipi? Kutafuta nakala iliyokuwepo kabla hujafuta.

Mwenye iPhone ana bahati. Tangu iOS 16 ya mwaka 2022, programu ya meseji ina sehemu ya zilizofutwa karibuni. Huzihifadhi siku 30, wakati mwingine hadi 40, na kuirudisha ni kubonyeza tu. Simu za Samsung zinazotumia programu ya meseji ya Samsung nazo zina kapu la taka la siku 30, kwenye vile vidoti vitatu vya juu. Watu wengi hawajawahi kuvibonyeza.

Android huweza kuhifadhi meseji kwenye akaunti yako ya Google, na kazi hiyo hufanyika yenyewe simu ikiwa kwenye chaji na wifi. Shida yake ni kwamba nakala hiyo hurudi tu unapoanzisha simu upya kabisa, na usiku ukipita nakala mpya isiyo na ile meseji huchukua nafasi ya ile ya jana. Kwa hiyo ukijua umefuta kitu cha maana, usiiache simu kwenye chaji na wifi usiku huo.

WhatsApp ina utaratibu wake, na huu unastahili kuujua vizuri. Kwenye Android, kila siku saa nane usiku hutengeneza nakala ya mazungumzo ndani ya simu yenyewe, na huweka za siku saba zilizopita. Zimo kwenye folda ya Android, kisha media, com.whatsapp, WhatsApp, Databases. Ukifuta mazungumzo leo mchana, nakala ya jana usiku bado inayo. Ila kabla ya kuiondoa WhatsApp na kuiweka upya, nakili folda hiyo yote kwenye kompyuta au kadi ya kumbukumbu, kwani kuiondoa programu kunaweza kuondoka na folda yake. Na ujue kwamba ukirudisha nakala ya jana, yaliyoandikwa leo yatapotea.

Android 11 na kuendelea ina kitu kingine kidogo: historia ya arifa, kwenye mipangilio ya arifa. Ikiwa imewashwa huonyesha arifa zote za saa 24, pamoja na maneno ya mwanzo ya meseji zilizoingia. Lazima iwe imewashwa kabla. Iwashe leo.

Meseji ya muamala ndiyo rahisi kuliko zote, ingawa ndiyo inayowatoa watu jasho zaidi. Meseji ya M-Pesa ni taarifa tu ya jambo lililoandikwa kwenye kompyuta za kampuni. Futa hata mara mia, muamala upo. Omba taarifa ya miamala kwenye menyu ya huduma, kwenye programu ya kampuni au dukani kwao, utapata namba ya muamala, tarehe na kiasi. Meseji ya maneno ya kawaida siyo hivyo: kituo cha ujumbe cha mtandao huishika mpaka simu ya mpokeaji iwe hewani, kikishaikabidhi kazi yake imekwisha.

Na ipo nakala ambayo sisi hatukuifikiria kabisa, na hiyo haihitaji fundi. Kila meseji ina simu mbili. Kufuta kwenye simu yako hakugusi simu ya mwenzako.

Siku ya tatu shangazi alimpigia baba mdogo kumwomba radhi. Baba mdogo akamwambia asubiri kidogo, asikate. Baada ya muda meseji ikaingia, minazi na majina ya wazee vile vile kama ilivyokuwa mwanzo. Shangazi alichukua kalamu akainakili nyuma ya daftari la kikoba, mstari kwa mstari, kabla hata hajaijibu.