Maji ya Nakuru hayafiki mia: joto la injini na oili kwenye ndege ya kujijengea

Jumamosi moja mke wangu aliingia jikoni akanikuta nimeinamia jiko. Sensa ya oili ya ndege ilikuwa ndani ya sufuria ya maji yanayotokota, na geji yake nimeiegemeza kwenye kopo la majani chai. Aliuliza kitu kimoja tu: kama hiyo ni sufuria ya ugali. Nikamwambia ni ile ya zamani. Haikuwa ile ya zamani.

Geji ilisoma 94. Nikaongeza moto, mvuke ukajaa jikoni, geji ikabaki palepale. Kwa hesabu yangu ya haraka, sensa ilikuwa inapunja nyuzi sita, na hizo sita zilinitia baridi. Wiki iliyotangulia, nikipanda kutoka uwanja wa nyasi ninaotumia upande wa Rongai, geji hiyohiyo ilikuwa imenionyesha oili ya nyuzi 112. Lycoming wameweka mwisho wa joto la oili kwenye injini yangu, O-320, kuwa nyuzi 245 za Fahrenheit, ambazo ni 118 za Selsiasi. Mia na kumi na mbili, jumlisha sita. Jibu unaliona. Nikaagiza sensa nyingine, nikalipia na ushuru. Ilipofika nikaichovya kwenye sufuria ileile: 94.

Hapo ndipo nilipokumbuka ninakoishi. Mji huu uko karibu mita 1,850 juu ya bahari, hewa inakandamiza maji kidogo, kwa hiyo maji yanachemka mapema. Ni sababu ileile inayofanya githeri ya huku ile makaa mengi. Ukipima sensa Kisumu, kwenye mita 1,150 hivi, tarajia 96. Mia ni ya watu wa Mombasa, na ya waandishi wa vitabu vya injini, ambao wengi wanaishi karibu na bahari kuliko sisi. Sensa yangu ya kwanza ilikuwa nzima tangu mwanzo. Joto la 112 lilikuwa la kweli, na lilikuwa juu mno kwa asubuhi ya nyuzi 18.

Kabla sijaendelea, niweke namba mezani. Kwa injini za Lycoming zinazopozwa kwa hewa, silinda hedi, yaani kichwa cha silinda, isivuke nyuzi 260 kamwe. Lakini 260 ni mpaka, usifanye makazi yako hapo. Kampuni yenyewe inashauri kwamba ukitaka silinda ziishi, safari ndefu ziendeshwe chini ya 224, na ikiwezekana chini ya 205. Alumini hupoteza nguvu kadiri inavyopata moto, na hedi iliyozoea joto kali huanza kupasuka kati ya tundu la plagi na kiti cha valvu. Oili nayo inapendeza ikiwa kwenye 82 hivi au juu kidogo. Ikiwa baridi mno, maji yanayotokana na uchomaji wa petroli hubaki ndani ya oili na kula vyuma taratibu. Nitarudi kwa hilo mwishoni, maana baridi pia ni tatizo, hasa Nakuru mwezi wa Julai.

Sasa, lori. Anayeijua barabara ya kutoka Salgaa kupanda Mau Summit amewaona wale madereva wamesimama kando, boneti wazi, jagi la maji mkononi. Lori lina pampu ya maji, lina feni, na bado linachemka. Injini yangu haina pampu ya maji wala feni ya maana. Propela inasukuma hewa kidogo karibu na kitovu chake, lakini kazi kubwa inafanywa na mwendo wa ndege yenyewe. Mlima unaochemsha lori ndio ninaoruka juu yake nikielekea Kisumu, na wakati wa kupanda ndipo injini inatoa nguvu nyingi kuliko wakati wote huku mwendo ukiwa mdogo kuliko wakati wote.

Upepo unaingia kwa matundu mawili yaliyo mbele, kila upande wa propela. Unajaa juu ya injini, kisha unapaswa kushuka ukipita katikati ya mapezi ya silinda, vile vibamba vyembamba vinavyotoa joto, na kutokea chini, nyuma. Unashuka kwa sababu shinikizo la juu ni kubwa kuliko la chini, hakuna sababu nyingine. Kuta za bati zinazozunguka silinda, pamoja na utepe wa mpira unaogusa boneti, ndizo zinazolinda tofauti hiyo. Hewa ni mvivu kama maji: ikipata ufa, itapita kwenye ufa, haitahangaika na mapezi.

Haya nayasema leo kwa mdomo mpana. Wakati ule nilifanya anachofanya kila mtu, nikanunua radieta ya oili iliyo kubwa zaidi. Niliifunga mahali pa ile ya kwanza, kwenye ukuta wa nyuma upande wa kushoto, nyuma ya silinda ya nne. Oili ikashuka nyuzi mbili. Silinda ya nne ikapanda sita. Nilikuwa nimeipokonya hewa yake nikaipa radieta.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja anayeziba radieta za malori hapa mjini, niliyempelekea ile ya zamani aikague isije ikawa imeziba. Alitaka kuiona ndege, nikampeleka. Akazunguka pua yake mara mbili, akaingiza kidole kati ya bati na kizimba cha injini, kidole kikatokea upande wa pili. “Injinia,” akasema, “umenunua ndoo kubwa, na mfereji unavuja.”

Jioni hiyo tulingoja giza. Nikaweka taa ndogo chini ya injini, nikafunga boneti, tukachungulia kwa matundu ya mbele. Mwanga haukupaswa kupenya isipokuwa kwenye mapezi. Nilichoona kilifanana na anga ya Turkana usiku wa manane. Palikuwa na ufa chini ya radieta, ufa kwenye kona mbili za nyuma, matundu ya boliti nilizoamua kutozifunga, na sehemu ndefu ambapo mpira ulikuwa umejikunja kwenda nje. Huo mpira ni muhimu kuuelewa: lazima uinamie ndani, kuelekea kwenye hewa, ili shinikizo liubane dhidi ya boneti. Ukiinamia nje, shinikizo linausukuma wazi kama mlango wa choo wa saluni. Chini, kijana wangu wa mkono alitumia silikoni nyekundu ya joto kali, mikebe miwili mizima. Ya kawaida ya madirisha usiiguse, inageuka unga.

Lakini silinda ya tatu ilikataa. Zote zilishuka, yeye akabaki kwenye 228 wakati wa kupanda. Kwenye Lycoming hiyo ni ya nyuma kulia, na nilikuwa nimeilaumu karburata, plagi, hata petroli. Nilipotoa bati la nyuma nikaona alama: bati lilikuwa limelala kabisa juu ya hedi, na upande huo wa hedi mapezi ni mafupi mno. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimeiziba pua. Wajenzi wengi wa ndege kama hizi wamepambana na silinda hiyohiyo, na dawa yake ni ya aibu kwa udogo. Unaweka washa, kile kipete bapa cha chuma cha kuwekea boliti, kati ya bati na silinda, nyuma ya boliti, ili ibaki njia ya milimita chache ambayo hewa inaweza kushukia. Yangu ilihitaji washa mbili, za shilingi chache kila moja. Silinda ya pili, ya mbele kushoto, ina ugonjwa kama huo upande wake wa mbele, kwa hiyo ukiona hizo mbili ndizo zenye moto, anza hapo kabla ya kufungua karburata.

Nilitaka ushahidi usiotegemea joto la siku. Nikachukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, nikaukunja umbo la U kwenye ubao wenye rula, nikautia maji ya rangi. Mwisho mmoja nikaupeleka juu ya silinda, mwingine chini yao. Ncha za ndani nimeziziba na kutoboa vitundu vidogo ubavuni, ili zisipime upepo unaovuma bali shinikizo lililotulia. Rafiki yangu akaushikilia mapajani, mimi nikaruka. Kwa mwendo wa noti 85 (noti ni maili ya baharini kwa saa), upepo wote ulionao una nguvu ya kuinua maji karibu sentimita 12. Kabla ya kuziba nilikuwa nimepima tofauti ya sita na nusu tu, karibu nusu inapotelea kwenye nyufa. Baadaye nilipata tisa, nikaona imetosha. Radieta ya kwanza, ile ndogo, ikarudi mahali pake. Kubwa ipo, anayeihitaji aseme.

Mengine nitayataja mbiombio. Tundu la kutokea chini liwe kubwa kuliko jumla ya ya kuingilia, maana hewa ikipata moto inavimba. Na usilijaze mirija na nyaya kama nilivyofanya. Kipimo cha pete chini ya plagi na kile cha kuchomeka kwenye hedi havitoi namba moja, usivilinganishe. Hakikisha wakati wa cheche: O-320 nyingi ni nyuzi 25 za mzunguko, si za joto, kabla ya pistoni kufika juu, lakini soma kibati cha injini yako, kwa sababu ukiuwahisha hata kidogo hedi zitapanda. Injini mpya nayo huwa na moto saa za kwanza hadi ringi zikae. Hapo vumilia, usiibembeleze kwa nguvu ndogo, au ringi hazitakaa kabisa.

Baada ya ufundi kuna urubani, na hapo tunapoteza nyuzi nyingi bure. Injini isiyo na turbo, ile pampu ya kuisukumia hewa, hapa Rongai inatoa kama asilimia 80 tu ya nguvu zake za kule baharini, basi rubani anainua pua ili apande haraka kufidia. Anajimaliza. Nguvu ya upepo huenda kwa kipeo cha pili cha mwendo: kutoka noti 75 hadi 95, shinikizo linaongezeka kwa asilimia 60. Ninapoona hedi yoyote inakaribia 215, jambo la kwanza ni kushusha pua. La pili ni kitasa chekundu, kile cha kuongeza na kupunguza petroli kwenye mchanganyiko na hewa. Petroli ya ziada hupoza, na moto mkali zaidi wa hedi unapatikana pale mchanganyiko unapokuwa mzito kidogo tu kuliko ule wa joto la juu kabisa la ekzosi. Huku milimani huwezi kuruka kitasa kikiwa kimesukumwa chote, injini inakohoa kwa kujaa petroli. Lazima ukipunguze hadi izunguke vizuri. Kosa ni kuendelea kukivuta unapopanda kwa nguvu zote ili kuokoa lita mbili, kisha unalipia silinda.

Safari ya kwenda Kisumu ni rahisi. Unapita Londiani, ardhi inaanguka chini yako, unaona mashamba ya miwa ya Muhoroni na mpunga wa Ahero, na injini inapoa yenyewe. Wengine husema kupoa ghafla hupasua hedi, wengine wanasema ni hadithi. Mimi napunguza nguvu kidogo kidogo tangu juu, na nusu ya sababu ni masikio ya abiria wangu.

Kurudi ndiko kwenye mtihani. Saa tisa alasiri Kisumu inafika nyuzi 32, hewa inakuwa nyepesi, ndege inajiona iko mita 2,000 hata kabla haijaondoka chini, na mbele yako kuna milima. Siku hizi naondoka kabla ya saa nne asubuhi. Nikichelewa, naruka na kuzunguka juu ya ziwa kwa noti 95 hadi nipate urefu, sielekezi pua moja kwa moja kwenye ukingo. Tena ukitua pale mchana, fungua kale kamlango ka kukagulia oili juu ya boneti mara tu unapozima. Weka mkono wako hapo uone: joto linatoka kama la jiko la mandazi. Lisipotoka hapo linapanda kwenye mirija ya petroli, petroli inachemka, na utaiwasha injini hadi betri ichoke mbele ya watu wote.

Na lile la baridi nililoahidi. Baada ya kuziba nyufa zote, Julai ilipokuja oili yangu haikupita nyuzi 66. Kwenye mrija wa kupumulia nikakuta uji mweupe, oili na maji vimekorogeka. Kwanza nilishuku thamostati, lakini ilikuwa nzima. Ni asubuhi za Nakuru tu. Nikakata kipande cha bati la alumini kinachofunika theluthi moja ya radieta, nikakifunga kwa skrubu mbili, oili ikatulia kwenye 84.

Kipande hicho nilikisahau mara moja. Nilikiona nikiwa tayari nimetua Kisumu, na skrubudrava yangu imebaki Rongai kwenye meza. Nilikitoa kwa sarafu ya shilingi ishirini. Sasa karibu na swichi za kuwashia kuna karatasi niliyobandika yenye neno moja na alama ya kuuliza: BATI?