Uchaguzi wa katikati ya muhula: hakuna aliyefariki

Mjomba alisikia redioni kwamba Wamarekani wanajiandaa kwa "uchaguzi mdogo" wa Novemba. Akaniangalia, akauliza, "Kafa nani?"

Swali la mjomba halina kosa. Kwetu uchaguzi mdogo una sababu zinazofahamika: mbunge kafariki, mahakama imetengua matokeo, diwani kahama chama na kiti kimebaki wazi. Tume inatangaza tarehe, jimbo moja linapiga kura, nchi nzima iliyobaki inaendelea na shughuli zake. Mtangazaji akisema uchaguzi mdogo, msikilizaji ana haki ya kutafuta msiba.

Huu wa Marekani, unaoitwa kwa Kiingereza *midterm*, yaani wa katikati ya muhula, ni uchaguzi mkuu. Hufanyika nchi nzima kwa siku moja, Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya Novemba, rais akiwa amemaliza kama miaka 2 kati ya 4 yake. Viti vyote 435 vya Baraza la Wawakilishi hugombewa, pamoja na theluthi moja hivi ya viti 100 vya Seneti, na majimbo 36 huchagua magavana. Rais hachaguliwi. Maana ni hiyo tu, haizidi hapo.

Kinachonikera ni jinsi tunavyolitafsiri jina hilo bila kujiuliza. "Muhula" tumelitoa kwenye Kiarabu, *muhla*, ambalo ni muda wa kupewa nafasi: mtu anakudai, unamwomba akuvumilie mpaka mwisho wa mwezi. Ni muda wa ihsani wenye mwisho wake, na kwa kiongozi nadhani hakuna neno linalomfaa zaidi. Shuleni tukaupunguza ukawa wa miezi michache, na aliyesoma sekondari anaukumbuka ule mtihani wa katikati ya muhula. Sasa, kwenye uchaguzi huu, muhula ni wa nani? Ni wa rais peke yake. Mwakilishi huchaguliwa kwa miaka 2, kwa hiyo Novemba hiyo yeye yuko ukingoni, wala si katikati. Gavana wa California ana miaka 4, ila huchaguliwa katika mwaka ambao rais hachaguliwi. Gavin Newsom alipopambana na Brian Dahle tarehe 8 Novemba 2022, alikuwa anamaliza muhula wake wa kwanza na kuomba wa pili. Uchaguzi mzima umebeba jina la mtu ambaye hayumo kwenye karatasi ya kura.

(Na neno "jimbo" nalo linatuchanganya. Kwetu jimbo lina mbunge mmoja. California ni jimbo ambalo ndani yake mna majimbo 52 ya uchaguzi. Hilo nimelisamehe.)

California ya mwaka huo ingekuwa mtihani mzuri kwa yule mtangazaji, kwa sababu uchaguzi mdogo ulikuwemo kweli. Kamala Harris alipoapishwa kuwa makamu wa rais Januari 2021, kiti chake cha Seneti kilibaki wazi, na Newsom akamteua Alex Padilla akikalie. Muhula ambao Harris alichaguliwa 2016 ulikuwa uishe tarehe 3 Januari 2023. Kwa hiyo Novemba 2022 mpiga kura alifungua karatasi akawakuta Padilla na mpinzani wake Mark Meuser, akajaza wino kwenye alama ya anayemtaka. Akiendelea kusoma, anawakuta tena walewale wawili. Ungedhani mchapaji kasinzia, kumbe ni chaguzi mbili. Mmoja ni wa miaka 6 inayokuja, na mwingine ni wa wiki chache zilizobaki kwenye kiti cha Harris. Ule wa wiki chache ndio uchaguzi mdogo. Padilla alishinda zote mbili. Hata hapo hakuna aliyekuwa amefariki.

Nikiwa kwenye kukereka, nimalizie na "kura ya maoni".

Chini ya majina ya wagombea, karatasi ile ilikuwa na maswali 7 ya Ndiyo au Hapana: namba 1, kisha 26 hadi 31. Usihangaike kutafuta la 2 mpaka la 25, maana namba huendelezwa kutoka chaguzi zilizotangulia, na 2020 walikuwa wameishia 25. Vyombo vyetu huyaita yote kura ya maoni. Jina hilo tumelitwika mizigo mitatu. Mwana-CCM akilisikia anafikiria mchujo wa wagombea ndani ya chama. Mzanzibari anakumbuka 31 Julai 2010, alipoulizwa kuhusu serikali ya umoja wa kitaifa, na Mkenya anakumbuka 2005 na zile alama za ndizi na chungwa. Halafu kuna watafiti wanaopigia watu simu kuuliza wanampenda nani, nao matokeo yao tunayaita kura za maoni, ingawa hakuna aliyepiga kura.

Ukitaka kujua tulivyofika hapa, rudi kwenye "kura" yenyewe. Ni *qur'a* ya Kiarabu, na maana yake ya awali ni bahati nasibu. Wasomaji wa Biblia wanaijua hiyo maana ya zamani: mabaharia wa Yona walipiga kura wamjue aliyewaletea dhoruba, na askari walilipigia kura vazi la Yesu. Hakuna aliyeulizwa maoni yake pale. Kijiti kiliangukia kilipoangukia. Nahisi ndiyo sababu tulipotaka kumuuliza mwananchi anachofikiri, tuliona lazima tuongeze "ya maoni", kana kwamba kura bila nyongeza hiyo bado ni mchezo wa bahati. Wapo watakaosema ni hivyo hivyo mpaka leo, lakini hayo ni mazungumzo mengine.

Yale maswali ya Ndiyo au Hapana, mimi ningeyaita "mapendekezo". Mgombea anagombea, yaani ana mtu wa kuvutana naye. Pendekezo halina chama wala picha, na kila moja hupigiwa kura yake peke yake. Mwaka huo yalikuwepo mawili ya kubeti michezo, la 26 na la 27, na pande husika zilimwaga zaidi ya dola milioni 400 kwenye kampeni. Wapiga kura waliyakataa yote mawili.

Tena hayaingii kwenye karatasi kwa mlango mmoja. La 1, la kuandika haki ya kutoa mimba kwenye katiba ya jimbo, lilipelekwa na bunge la jimbo, likapita. La 29, kuhusu kliniki za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, lilitoka kwa waliokusanya saini za wapiga kura. Saini hizo hazipaswi kupungua asilimia 5 ya kura zilizopigwa kumchagua gavana, au asilimia 8 kama katiba inaguswa. Suala hilo la kliniki lilishaletwa 2018 na 2020, na mara zote tatu lilikataliwa. Mlango huo wa saini ulifunguliwa Oktoba 1911, enzi za gavana Hiram Johnson, watu walipochoka kuona kampuni ya reli ya Southern Pacific inavyolishika bunge lao.

Linalowachanganya hata wenyeji ni la 31. Mwaka 2020 bunge lilipiga marufuku uuzaji wa tumbaku nyingi zenye ladha. Kampuni za tumbaku zikakusanya saini sheria isimamishwe mpaka wananchi waulizwe. Sasa Ndiyo ilimaanisha sheria ibaki, na Hapana ilimaanisha ifutwe. Waliohangaika mpaka swali likafika kwenye karatasi ndio waliowaomba watu waandike Hapana. Ndiyo ikashinda, sheria ikabaki. Hili moja, kwa haki, ukiliita kura ya maoni sitakugombeza.

Mjomba nilimwambia hakuna aliyefariki, ni viti tu vimefikia muda wake. Uchaguzi mwingine wa namna hii umepangwa 3 Novemba 2026, na najua "uchaguzi wa katikati ya muhula" ni mrefu kwa anayesoma habari huku saa ya studio inamkimbiza. Basi aseme "uchaguzi wa Novemba", na hayo mengine "mapendekezo". Tutamwelewa.