Ushindi wa Rand Paul ulimfaa nini baba yake?

Katika kazi yangu ya kuchambua chaguzi za Marekani, swali hili hunirudia sana: mlibertari Ron Paul, mtetezi wa serikali ndogo aliyetaka Benki Kuu ya nchi yake ifutwe, alinufaika mwanawe alipoingia Seneti? Naamini alinufaika, ila faida yenyewe ilikuwa heshima zaidi kuliko kura.

Mwaka 1988 Ron aligombea urais kwa tiketi ya Chama cha Libertarian, akaambulia kura 430,000 na ushei, chini ya asilimia 1. Mwaka 2008 akajaribu kupitia Republican. Iowa, jimbo lililofungua mchujo wa chama, ikampa kama asilimia 10. Wengi chamani walimwona mzee mkaidi anayebebwa na eneo bunge lake la pwani ya Texas, alikokuwa daktari wa uzazi. Hoja hiyo ilikuwa na uzito: daktari aliyekuzalisha salama utampigia kura hata usipomwelewa anapoanza habari za kutaka noti zitegemee dhahabu.

Ikaja Mei 18, 2010. Rand, daktari wa macho wa Bowling Green ambaye alikuwa hajawahi kuchaguliwa popote, alimbwaga Trey Grayson katika mchujo wa Republican wa kiti cha Seneti cha Kentucky kwa takriban asilimia 59 kwa 35, ingawa Grayson aliungwa mkono na Mitch McConnell, kigogo wa Republican katika Seneti. Novemba akashinda kiti. Hapo hoja ya eneo bunge ikafa, maana jimbo zima la Kentucky lina watu zaidi ya milioni 4 na baba mtu hakumzalisha mtu huko. Sisi tumezoea jina la baba mkubwa kumbeba mwana; hapa mwana ndiye aliyemvusha baba hadi kwenye meza ya wakubwa.

Mwaka 2012 Ron alipata asilimia 21 Iowa, na 23 New Hampshire, ambako alikuwa wa pili. Simpi mwana sifa zote. Mtikisiko wa uchumi wa 2008 na fedha za umma zilizookoa mabenki ndivyo vilivyowafungua watu masikio.

Na undugu hubeba lawama pia. Siku moja baada ya mchujo, Rand aliulizwa kwenye televisheni kuhusu Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, akasitasita kwenye kifungu kinachozuia biashara binafsi kubagua watu. Kwa Mmarekani mweusi aliyewahi kufukuzwa kwenye meza ya mgahawa, hilo si jambo la nadharia. Rand akalazimika kutamka kwamba angeiunga mkono sheria hiyo, lakini watu walikuwa wameshaona msimamo wa kilibertari unakoweza kufika.

Juni 2012 Rand alimuunga mkono Mitt Romney. Baba hakufanya hivyo kamwe. Baadhi ya wafuasi wa mzee walimwita mwana msaliti. Mwaka 2016 Rand alipogombea urais, Iowa ilimpa asilimia 4 na nusu, karibu moja ya tano ya alichopata baba yake pale pale.