Nje paonekane, ndani pasionekane: choo cha shule kinachomsitiri kila mwanafunzi

Kiswahili kinasema "yeye" na kuishia hapo. Mwanafunzi ni mwanafunzi, na sentensi haimuulizi mtu kama ni wa kike au wa kiume. Mlango wa choo cha shule ndio unaouliza, kila siku, tena mbele ya wenzake. Wengi hawaoni hata kama wameulizwa. Wapo wanaoliona swali hilo tangu wanapoamka asubuhi, wakapunguza maji ya kunywa ili wasilikute. Kwa joto la Tanga mwezi Februari, mtoto asiyekunywa maji na anayebana mkojo mpaka saa nane mchana anajitengenezea ugonjwa wa njia ya mkojo na choo kigumu, na masomo ya mchana hayamwingii.

Nani hao? Yupo binti aliye kwenye hedhi. Yupo mwenye ulemavu anayeingia na msaidizi. Yupo mvulana aliyepasuliwa tumbo, anayetembea na mfuko wa kinyesi kiunoni. Yupo huntha, aliyezaliwa na maumbile yasiyojieleza wazi kama ni ya kike au ya kiume. Mtu wa pwani hahitaji kutafsiriwa neno hili: vitabu vya fiqhi, yaani sheria za Kiislamu, vina sehemu ya mirathi yake, na katika sala ya jamaa vimempangia safu, nyuma ya wanaume na mbele ya wanawake. Na yupo transijenda, ambaye mwili wake haukuwa na utata alipozaliwa, akaandikwa wa kike au wa kiume, naye akajitambua vingine. Hawa wawili wa mwisho huchanganywa sana, na si sawa: la huntha ni la maumbile, la transijenda ni la mtu anavyojijua. Lakini wakifika mlangoni pa choo shida yao ni moja, na ukuta unaowafaa ni uleule unaomfaa binti wa hedhi.

Marekani jambo hili limefikishwa mahakamani mara nyingi. Sheria yao ya mwaka 1972, iitwayo Title IX, inakataza ubaguzi wa jinsi shuleni, lakini kanuni zake zinaruhusu vyoo na vyumba vya kubadilishia nguo vitenganishwe kwa wavulana na wasichana. Ugomvi umezaliwa katikati ya hayo mawili. Kesi ninayowashauri walimu waisome ni ya Gavin Grimm wa wilaya ya Gloucester, jimbo la Virginia. Aliandikwa msichana alipozaliwa, akawa anaishi kama mvulana, na mwaka 2014 shule ikamruhusu choo cha wavulana. Alikitumia wiki saba hivi bila fujo. Watu wazima wakalalamika, na Desemba mwaka huohuo bodi ya shule ikapitisha azimio la kumzuia. Shule ikaongeza vizuizi kati ya mikojoleo, ikaziba nyufa za milango, ikajenga vyoo 3 vya mtu mmoja mmoja. Vyoo hivyo vilikuwa mbali na madarasa yake, na kila mmoja alijua vimejengwa kwa sababu ya nani. Akawa anajizuia, akapata maambukizi ya njia ya mkojo. Mahakama ya rufaa ilimpa haki Agosti 2020, na Juni 2021 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza rufaa ya bodi. Desemba 2022 mahakama nyingine ya rufaa, katika kesi ya Florida, iliamua kinyume chake.

Sisemi tofali zingemaliza dai la Gavin. Alichodai ni kutambuliwa, na hilo halijengwi kwa saruji. Ninachowaonyesha wajenzi ni mpangilio wa mambo: ujenzi ulikuja baada ya ugomvi, ukawa jibu kwa mtoto mmoja. Vyoo vilevile 3 vingesimama pale miaka mitano kabla, jirani na madarasa, vikitumiwa na yeyote, vingekuwa vyoo tu. Tena nyufa zile za milango ziliwaudhi wanafunzi wengi ambao hawakuwa na kesi yoyote. Vyoo vya shule za Marekani vina vizuizi vyepesi vinavyoacha wazi kama sentimita 30 chini na upenyo pembeni mwa mlango. Uingereza wana kanuni ya majengo ya shule ya mwaka 2012: wanafunzi wa miaka 8 na zaidi watenganishiwe vyoo, isipokuwa pale choo kilipo ndani ya chumba kinachofungwa kwa ndani na kutumiwa na mtu mmoja kwa wakati. Hiyo "isipokuwa" ndiyo ramani ya kazi yangu.

Sasa tuje kwetu Tanzania. Mwongozo wa taifa wa maji na usafi wa mazingira shuleni unataka tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25. Shule ya wanafunzi 600, nusu kwa nusu, inahitaji matundu 15 ya wasichana na 12 ya wavulana. Hapa Tanga na kule Bagamoyo jengo la vyoo kwa kawaida huwa na safu mbili zinazopeana mgongo, na ukuta wa kugawa vyumba hukomea mita 2 au 2.1, juu kukawa wazi mpaka kwenye bati. Fundi atakwambia ni kwa ajili ya hewa. Ukweli ni kwamba ameokoa tofali, na mtoto akipanda juu ya ndoo anachungulia chumba cha jirani.

Piga hesabu ya ukuta huo. Chumba chenye kina cha mita 1.4, kuongeza sentimita 60 kwenda juu ni mita ya mraba 0.84. Tofali za inchi 6 ni kama 10 kwa mita ya mraba, kwa hiyo kila ukuta unataka tofali 8 hadi 9. Safu ya vyumba 12 ina kuta za kati 11: tofali 100 ukiweka na za kuvunjika, na mifuko kama minne ya saruji, ukijumlisha plasta ya pande zote mbili. Kwa gharama hiyo ndogo tunawaacha watoto bila stara. Hewa haipotei ukipanga tofali za maua, zile zenye matundu, kwenye ukuta wa nje kuanzia mita 2 kwenda juu, tofali 4 kwa kila chumba, na bomba la kutolea hewa la inchi 4 lipite juu ya paa kwa nusu mita. Zisipangwe chini ya hapo, maana macho hayana adabu ya kujizuia.

Sakafu ndiyo sababu ya milango kuachwa wazi chini. Sakafu isipokuwa na mteremko, maji ya kuoshea hukosa njia, basi mlango unakatwa sentimita 15 ili maji yatoke. Weka mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu lenyewe, kila chumba kijitegemee, na mlango ushuke mpaka ubakize sentimita 2 tu. Kipimo cha chumba: sentimita 90 kwa 140 kinatosha mtu mmoja na ndoo yake. Chumba cha kiti mwendo ni jambo jingine, lazima kiti kiweze kuzunguka, yaani duara la sentimita 150 lisilo na kitu ndani yake, mlango wa sentimita 90 unaofungukia nje, na njia ya kupandia yenye mteremko usiozidi kimo cha sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu.

Kwenye komeo nitakaa kidogo, kwa sababu hapo ndipo stara yote inapoponyokea. Mlango wa mbao uliofungwa kiangazi huwa umekaa vizuri. Masika ikiingia, mbao inavimba, mlango unashuka milimita tatu nne kwa sababu skurubu za bawaba ya juu zimelegea, na ulimi wa komeo haukutani tena na tundu lake kwenye fremu. Hakuna aliyeharibu chochote, lakini kuanzia siku hiyo watoto wanakwenda chooni wawiliwawili, mmoja ashike mlango. Mtoto asiye na wa kumshikia ndiye anayeacha kwenda. Dawa yake ni bawaba tatu za inchi 4 badala ya mbili, na tundu la kupokea ulimi lirefushwe kwa wima, sentimita 1.5 zaidi ya unene wa ulimi, ili mlango ukishuka komeo liendelee kushika. Lifungwe sentimita 80 kutoka sakafuni kwa shule ya msingi na 90 kwa sekondari. Karibu na bahari, upepo wa chumvi unakula komeo la bati jepesi upesi mno. Nunua la shaba au la chuma kisichoshika kutu, hata kama bei ni mara tatu. Chagua lile linaloonyesha nyekundu likifungwa na kijani likifunguliwa, lenye mfereji upande wa nje ambao matroni anaweza kuuzungusha kwa sarafu mtoto akizimia ndani. Rangi ile inaondoa kugongagonga na kuinama kuchungulia miguu.

Katika matundu 27 ya shule yetu ya mfano, napendekeza vyumba 4 viwe vya yeyote: mlango unaofungukia uani moja kwa moja, ukuta mpaka bati, bomba la maji ndani, ndoo ya taka yenye mfuniko, ndoano na kioo kidogo. Kimoja kati ya hivyo kiwe kile cha kiti mwendo. Visiwekwe peke yake nyuma ya jiko. Viwe mwisho wa safu ileile, viwili kila upande, na mlangoni paandikwe namba tu. Bango la "chumba maalumu" humtangaza anayeingia, kama vile bango la "chumba cha hedhi" linavyotangaza tarehe za binti wa watu. Sinki za kunawia zikae nje, uwazini, mwalimu wa zamu azione kutoka ofisini. Nje paonekane, ndani pasionekane. Uonevu hupenda korido yenye kona na giza.

Chumba cha kubadilishia nguo shule nyingi za kata hazina. Siku ya michezo wasichana hufunga darasa, wavulana hubadilisha nyuma ya jengo, na kwenye mechi za UMITASHUMTA (mashindano ya shule za msingi) au UMISSETA (ya sekondari) timu hubadilisha ndani ya basi. Mtoto mwenye siri ya mwili hujifanya mgonjwa siku hiyo. Mapazia matatu kwenye kona ya darasa, yaliyoning'inizwa kwenye bomba la nusu inchi, mita 2 kutoka sakafuni, kila kijumba mita 1 kwa 1, yanamaliza kazi kwa shule isiyo na fedha. Kitambaa kiwe kizito na kishuke mpaka sentimita 10 juu ya sakafu. Na mwalimu wa michezo aruhusu jezi ivaliwe nyumbani chini ya sare, bila maswali.

Bweni ni gumu zaidi, maana kuoga ni kila siku. Bafu la safu lisilo na milango lipasuliwe vyumba vya mita 1 kwa 1.8. Mita 1 ya ndani ni ya maji. Sentimita 80 za mbele ziinuliwe sentimita 5 na ziwekwe ubao wa kukalia na ndoano mbili, zibaki kavu. Bila sehemu kavu mtoto hawezi kuvaa humo ndani, atatoka na kanga au taulo iliyolowa, na mlango wote ule utakuwa wa bure.

Chini ya ardhi napita haraka, ila kuna jambo moja linalogusa stara. Sehemu nyingi za Tanga ukichimba unakutana na mawe ya chokaa na matumbawe yenye nyufa, na Bagamoyo kwenye mchanga wa ufukweni maji hayako mbali. Shimo refu lisilojengewa linapeleka uchafu visimani, kwa hiyo tunainua choo na kujenga karo linaloshika maji, mita 30 kutoka kisimani. Choo kilichoinuliwa kina ngazi, na ngazi ni jukwaa: kila anayepanda anaonekana na uwanja mzima. Jenga ukuta wa kukinga mbele ya ngazi, mita 1.8, wenye nafasi wazi ya sentimita 30 chini ili mwalimu wa zamu aone kuna watu wangapi bila kuona ni nani.

Yaliyobaki ni ya uongozi. Mtoto asitumwe choo cha walimu kwa ufunguo unaokaa mezani kwa mwalimu. Kila anapouomba anajieleza upya. Asikaguliwe mwili na mwalimu, patroni wala mlinzi ili ijulikane aende choo kipi. Hakuna mwongozo wa ujenzi unaohitaji hilo, na Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu hifadhi ya nafsi na maisha yake binafsi, mtoto naye akiwemo. Mzazi akimweleza mwalimu mkuu jambo la mwanawe, lisiingie kwenye kikao cha walimu wote wala kwenye daftari la zamu. Vyumba 4 vikiwepo, hakuna mwalimu mwingine anayehitaji kujua chochote.

Kabla ya kupokea jengo kutoka kwa fundi, lijaribu magharibi. Washa taa ndani ya kila chumba, funga komeo, kisha uzunguke nje na kalamu: kila mwanga unaopenya chini ya kimo cha mita 2, isipokuwa ule wa chini ya mlango, utie alama ukutani au kwenye fremu, na fundi azibe kabla ya malipo ya mwisho. Kisha sukuma kila mlango kwa bega, mara tatu. Makomeo 6 ya akiba, skurubu na bisibisi vikae stoo kwa mwalimu wa afya, na klabu ya usafi ipite kila Ijumaa kufunga na kufungua milango yote 27.