Valvu za oversaizi: zinafanya nini kwenye injini ya drag

Valvu ni kile kilango cha injini kinachofunguka kuingiza hewa silindani au kutoa moshi, na ya oversaizi ni pana kuliko ile ambayo injini ilitoka nayo kiwandani. Mara nyingi upana unaoongezwa ni milimita moja tu ya kipenyo, lakini ili ikae sawasawa lazima hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini chenye valvu, ipelekwe kwa fundi wa mashine, siti (pete ambazo valvu hukalia zinapofunga) zikatwe upya, na pengine zing'olewe kabisa zitiwe nyingine. Kwenye gereji za Shimanzi na Changamwe hapa Mombasa, kijana anayetaka gari la drag, zile mbio za mstari ulionyooka wa mita 402, huzitaja mapema mno: "Fundi, nitilie valvu kubwa." Ombi hilo lina mantiki yake. Ila valvu kubwa ina kazi maalumu, na asiyeijua kazi hiyo anaweza kulipa pesa nyingi gari likarudi zito kuondoka kuliko lilivyoingia.

Nguvu hutokana na mafuta yanayoungua, na mafuta hayaungui bila hewa. Suala zima ni hewa kiasi gani inawahi kuingia silindani. Injini ikizunguka mara 8,000 kwa dakika, valvu ya kuingizia hewa hufunguka na kufunga ndani ya sehemu 6 hivi za elfu moja za sekunde. Hewa ikisukumwa kwenye mlango mwembamba kwa muda mfupi namna hiyo, mwendo wake huongezeka sana, na wastani wake ukishapita takriban nusu ya kasi ya sauti, silinda huanza kushindwa kujaa. Unaweza kukanyaga upendavyo, nguvu haipandi tena. Hapo ndipo mlango mpana unapolipa.

Tupige hesabu kwa 4G63, injini ya lita 2 ya Mitsubishi Lancer Evolution, ambayo vijana wengi wanaifahamu. Valvu zake za kuingizia hewa zina kipenyo cha milimita 34. Ukitia za 35, eneo la uso linaongezeka kwa karibu asilimia 6. Lakini valvu ikiwa ndiyo kwanza inafunguka, hewa hupita kwenye pengo linaloizunguka pembeni, na pengo hilo limeongezeka kwa asilimia 3 tu. Pengo linakuja kuwa sawa na eneo la uso pale valvu inaposhuka robo ya kipenyo chake, yaani milimita 8.5 kwa ile ya awali. Kwa hiyo faida kamili haionekani mpaka upate kamshafti, ule mhimili unaozisukuma valvu, inayoifungua valvu vya kutosha na kuiacha wazi muda wa kutosha.

Wamarekani walilijua jambo hili zamani. V8 ndogo (injini ya silinda nane) ya Chevrolet ya mwaka 1955 ilianza na valvu za kuingizia hewa za inchi 1.72, kufikia katikati ya miaka ya 1960 hedi za mbio zilikuwa na za inchi 2.02. Kwenye bloku za mwanzo zenye silinda nyembamba, hata hivyo, valvu hiyo pana ilisogea mno karibu na ukuta wa silinda, na ukuta ukaizuia hewa upande mmoja. Chrysler walipita njia nyingine kwenye injini yao ya Hemi ya 426 ya mwaka 1964: chumba cha moto walikifanya kama kuba, valvu wakazilaza kila moja upande wake. Ndiyo maana silinda ya milimita 108 iliweza kubeba valvu ya milimita 57 na nyingine ya 49. Magari ya drag ya daraja la Top Fuel ya leo, yale yanayokunywa mafuta ya nitromethani, bado yanafuata umbo hilo.

Ile ndogo ya milimita 49 ni ya kutolea moshi. Haihitaji upana uleule kwa sababu moshi hutoka kwa shinikizo kubwa lililobaki baada ya mlipuko, ilhali hewa safi, kama hakuna tabo (kifaa cha kusukuma hewa ndani ya injini), inaingia kwa shinikizo la kawaida la angani peke yake.

Uzito nao usisahauliwe. Valvu pana ni nzito, na springi za zamani zikishindwa kuirudisha kwa wakati, pistoni hupanda ikaikuta bado iko wazi. Injini inakufa papo hapo. Springi ngumu zaidi ni lazima ziende pamoja na kazi hii, na wenye uwezo hununua valvu za titani.

Binafsi, fundi wa hedi nampima kwenye siti. Mwangalie anapopaka rangi ya bluu usoni mwa valvu, anaizungusha kidogo juu ya siti, kisha anaitoa kuitazama: panatakiwa pete moja isiyokatika, ya upana wa milimita moja na nusu hivi, ya kutolea moshi ikizidi kidogo kwa kuwa joto lake hukimbilia kwenye siti. Halafu anaipindua hedi, anafunga plagi, anajaza mafuta ya taa kwenye chumba cha moto na kuchungulia njia ya hewa. Kukitokea unyevunyevu, kazi inarudiwa. Valvu ya kawaida iliyosagwa hivi itaishinda ya oversaizi iliyokaa ovyo.

Gari la drag linavumilia hasara ya valvu kubwa kwa sababu haliishi kwenye mizunguko ya chini. Linaondoka injini ikilia, na gia zinapangwa isishuke. Gari la kazi ni tofauti: likiwa limejaa watu na mizigo, likipanda kutoka kwenye feri ya Likoni kwa mizunguko 1,500, hewa kwenye mlango mpana huenda polepole, haichanganyiki vizuri na mafuta, na injini inalegea. Gari hilo usilitilie valvu kubwa.

Na kabla ya kukata siti yoyote, pima kompresheni, yaani shinikizo ambalo pistoni inalijenga silindani. Nairobi, kwa urefu wake wa mita 1,700 hivi, shinikizo la hewa ni pungufu ya letu la pwani kwa karibu asilimia 18. Injini isiyo na tabo iliyopimwa huko ikaonekana dhaifu, ijaribiwe kwanza hapa Mombasa ndipo hedi ifunguliwe.