BRS ni nini? Nyumba mpya ya bei nafuu kusini mwa Ufaransa, kuta ni zako ila ardhi si yako

Binamu yangu alieko Marseille alinitumia tangazo wiki ilopita, fleti mpya karibu na Montpellier, vyumba viwili vya kulala na baraza, bei kama 40% chini ya zingine zote za mtaa ule ule, akaniuliza "hawa si matapeli?" Nikamwambia shuka chini kabisa ya lile tangazo utaona herufi tatu, BRS. Si utapeli. Lakini pia si nyumba kama ile unayoifikiria, ndo maana nimekaa niandike kwa urefu kidogo, manake wengi wetu huku tunaziona hizo herufi tunapita tu, ama mtu anaingia na kutia saini bila kujua amenunua nini haswa.

BRS ni kifupi cha bail réel solidaire. Kwa lugha ya nyumbani: unanunua kuta na paa na sakafu, ardhi ilioko chini inabaki kuwa ya mwingine, na wewe unamlipa huyo mwenye ardhi kodi ndogo kila mwezi. Basi. Mtu wa Mombasa hahitaji kueleweshwa mara mbili, atakwambia hio ni nyumba bila ardhi, na sisi tumezaliwa ndani ya hizo nyumba.

Kwetu Majengo nyumba ya bibi ilikuwa ya bibi kweli, milango yake, mabati yake, kuta za udongo alizosiriba kwa mikono yake, lakini kiwanja kilikuwa cha tajiri na kila mwezi alikuja mtu na kitabu kukusanya kodi ya ardhi. Mkataba wa maana haukuwepo. Ukitaka kujenga kwa mawe unakatazwa, manake nyumba ya kudumu ni tabu kuiondoa, na siku mwenye ardhi akipata mnunuzi anaelipa vizuri wewe unang'oa milango yako unaondoka nayo. Mambo haya yana mizizi mirefu, tangu ile sheria ya hati za ardhi ya pwani ya mwaka 1908 walioandikisha ni wachache na wengine wote wakabaki kuishi kwenye ardhi ya watu. Kwa hivo mara ya kwanza kusikia BRS mimi nilikasirika, nikaona shida ile ile imevalishwa kanzu mpya. Ilinichukua muda kusoma nikaelewa kwamba umbo ni lile lile lakini nguvu imewekwa upande wa pili, wa mwenye nyumba.

Tofauti ya kwanza ni nani mwenye ardhi. Huku si tajiri. Ni taasisi inaitwa OFS, haifanyi faida, na lazima iidhinishwe na gavana wa mkoa wa serikali kuu, yule wanaemuita préfet. OFS zililetwa na sheria ya ALUR ya tarehe 24 Machi 2014, halafu BRS yenyewe ikaja tarehe 20 Julai 2016. Lille huko kaskazini ndo walioanza, kusini ikashika haraka hasa upande wa Basque, kule Bayonne na Biarritz, ambako vijana waliozaliwa hapo hapo walikuwa hawawezi tena kununua hata chumba kwa sababu ya nyumba za likizo, mpaka mwaka 2021 watu wakajaa barabarani Bayonne kuandamana kwa ajili ya makazi. OFS inanunua ardhi na haiiuzi tena. Hapo ndo siri yote ilipo: ardhi ikishatoka sokoni hakuna tajiri wa kuja kesho na bei mpya.

Tofauti ya pili ni mkataba, na hii naomba tuikalie kidogo. Mkataba wa BRS ni wa miaka 18 mpaka 99, unaandikwa mbele ya notari (mwanasheria anaethibitisha mikataba), na ni haki ya mali kabisa, unaweza kuiweka rehani benki, kuiuza, kuirithisha. Ndugu zetu wa Tanzania wanaijua hati ya miaka 33, 66 au 99, ardhi ikiwa ya umma, na Kenya pia tuna lisi za miaka 99, na sote tunajua ile hofu ya miaka kupungua, mtu ananunua ploti anagundua imebakia miaka 21 na benki haitaki kuisikia. BRS wameitatua hio kwa njia nzuri sana mimi naona: kila nyumba ikiuzwa, mkataba unaanza upya na miaka yake yote. Umeishi miaka 15 ukauza, mnunuzi hapati 84 ilobakia, anapata 99 nzima. Wao wanasema mkataba "unajazwa upya", kama gari kujazwa mafuta.

Na wazo lenyewe si la Wafaransa. Lilianza na wakulima weusi kule Georgia, Marekani, mwaka 1969, walionunua shamba kwa pamoja ili asitokee mtu wa kuwafukuza, likaenda Burlington, Vermont mwaka 1984 wakati meya ni Bernie Sanders. Halafu, hii watu wengi wa pwani hawaijui, likafika Voi. Voi yetu, hapo juu tu ya Mombasa! Mtaa wa Tanzania-Bondeni, mwanzoni mwa miaka ya 90, wakazi waliokuwa maskwota walikubaliana ardhi iwe ya wote na kila mtu awe na nyumba yake juu yake. Yaani Voi walitangulia Lille kwa zaidi ya miaka 20, na mimi nikiwaambia watu huku hawaamini.

Sasa hesabu. Hii ni mfano wangu tu wa kuonyesha jinsi inavyokwenda, usichukue kama bei ya mji fulani. Fleti ya mita mraba 65, mpya, kwa bei ya soko yuro 5,000 kwa mita, inakuwa 325,000. Ile ile kwa BRS kwa yuro 3,000 kwa mita ni 195,000. Umeokoa 130,000. Kisha unalipa kodi ya ardhi, ambayo mara nyingi iko kati ya yuro 1 na 3 kwa mita kwa mwezi, tuseme 2, basi ni 130 kwa mwezi, na ukijumlisha miaka 25 ya mkopo inafika 39,000. Bado uko mbele sana. Lakini kumbuka hio kodi haiishi mkopo ukiisha, unaendelea kuilipa muda wote unaomiliki, na huwa inapanda kidogo kidogo kufuata fahirisi, yaani kipimo cha kupanda kwa bei, ilioandikwa kwenye mkataba. Juu yake kuna michango ya jengo na kodi ya serikali ya nyumba, hizo unalipa kama mwenye nyumba mwengine yeyote.

Unafuu unatoka wapi, manake hakuna kitu cha bure? Kwanza ardhi haimo kwenye bei, na kusini ardhi ndo inaoua, kuanzia Nice mpaka Perpignan. OFS inaweza kukopa mkopo wa serikali wa mpaka miaka 80 kulipia hio ardhi, kwa hivo mzigo unagawanywa mpaka unakuwa mwepesi kwa kila mkaazi. Pili TVA, ile VAT yao, kwenye nyumba mpya ya kawaida ni 20% lakini ya BRS ni 5.5%. Na manispaa nazo zina sababu yao ya kusaidia: kuna sheria inaitwa SRU ya mwaka 2000 inayolazimisha miji mingi kuwa na 20 au 25% ya nyumba za kijamii (za bei nafuu kwa watu wa kipato cha kawaida na cha chini), miji kadhaa ya ukanda wa Mediterania, Nice ikiwemo, iko nyuma sana, na tangu 2018 nyumba za BRS zinahesabiwa humo.

Nani anaruhusiwa? Mapato yako yasizidi kiwango, na wanaangalia karatasi ya kodi ya mapato ya mwaka juzi, sio ya mwaka jana. Kiwango chenyewe kinategemea eneo na idadi ya watu nyumbani, na si cha maskini hohehahe, muuguzi, dereva wa basi, mwalimu wanaingia vizuri. Nyumba lazima iwe ndo makaazi yako makuu. Kuifanya Airbnb msimu wa joto wewe ukaenda kulala kwa shemeji, hapana, na mimi naunga mkono kwa moyo wote, manake hizo nyumba za watalii ndo zilizotufikisha hapa. Uraia haumo kwenye masharti, ila benki itataka kuona kibali chako cha kuishi na kazi ya kudumu, na tangu 2022 benki zimefungwa na sheria kwamba malipo ya madeni yako yote pamoja na bima kwa kawaida yasipite 35% ya mapato.

Kuhusu mkopo, kwa wale wanaojali riba, na najua tuko wengi, kuna mkopo wa serikali usio na riba kabisa unaitwa PTZ, kwa mtu ambae hajamiliki nyumba anayoishi kwa miaka miwili ilopita, na BRS inakubalika. Tangu Aprili 2025 PTZ imefunguliwa nchi nzima kwa nyumba mpya, za ghorofa na hata za kujitegemea. Lakini nisiwadanganye, haifiki bei yote, kwa fleti ni kati ya 20 na 50% kulingana na mapato, zilobaki ni akiba yako ama benki ya kawaida na riba yake. Hapo kila mtu na dhamira yake.

Nyumba nyingi za BRS ni mpya na zinauzwa kabla hazijajengwa, kwa utaratibu wa VEFA. Unanunua kwenye mchoro. Najua hilo neno linatisha, tunawajua watu nyumbani walioliwa pesa na maghorofa ya kwenye picha, lakini VEFA ina sheria tangu 1967 na imebana. Pesa ya kuweka mwanzo haizidi 5%, na una siku 10 za kubadili mawazo bila kueleza sababu. Baada ya kusaini kwa notari unalipa kwa hatua, wasikudai zaidi ya 35% msingi ukiisha, 70% paa likifunikwa, 95% ujenzi ukikamilika, na ile 5% ya mwisho siku ya funguo, tena ukikuta kasoro unaweza kuizuia mpaka watengeneze. Mjenzi akifilisika katikati kuna dhamana ya benki ama bima ya kumalizia jengo, ni lazima iwepo, iombe uione. Siku ya funguo nenda na mtu anaejua ujenzi, jaribu kila mfereji, fungua kila dirisha, andika yote, na ukisahau una mwezi mmoja wa kuongeza zile kasoro zinazoonekana. Kisha dhamana ya mwaka 1, ya miaka 2 kwa vifaa, na ya miaka 10 kwa mambo makubwa kama nyufa za ukuta na maji kupenya. Kitu kimoja kinachowaumiza watu ni muda: ujenzi ni miaka miwili hivi, unalipa kodi ya unapoishi na huku riba ya benki imeshaanza, jipange.

Sasa tufike kwenye kuuza, hapa ndo wengi wanarudi nyuma. Huwezi kuuza bei ya soko. Mkataba una bei ya juu kabisa, kawaida ni bei ulonunulia ikapandishwa kwa fahirisi, na mnunuzi wako lazima nae awe ndani ya kiwango cha mapato na OFS imkubali. Montpellier bei zikipanda mara mbili, wewe hupandi nazo. Kama unanunua ili utajirike, hii usiiguse. Lakini fikiria upande mwengine, pesa ulizokuwa ukimlipa mwenye nyumba kila mwezi na kupotea, hapa zinalipa mkopo, ukiuza zinarudi mkononi, na anaefuata nae anapata nyumba kwa bei ya mtu wa kawaida. Mimi nimeona bibi yangu akiondoka na milango mitatu tu baada ya miaka arobaini. Huku hata ukiondoka, unaondoka na thamani ya nyumba yako.

Watoto wanarithi. Binamu aliuliza hilo mara tatu. Mtoto akitimiza masharti ya mapato anachukua nyumba na mkataba wa miaka mipya, asipotimiza ana miezi 12 ya kutafuta mnunuzi anaestahili na pesa ni zake. Kwenye mkataba angalia pia kama OFS imeahidi kuinunua wenyewe ukikosa mtu, na kwa bei gani, manake mikataba haifanani, na angalia kodi ya ardhi inapandishwa kwa fahirisi ipi. Soma sehemu hizo mbili hata kama Kifaransa chako ni cha sokoni, mtafute mtu akusomee, notari pia ana wajibu wa kukueleza na humuongezi pesa kwa kumuuliza maswali.

Binamu yangu hajaamua. Jana usiku alikuwa anapekua sanduku anatafuta karatasi ya kodi ya mwaka juzi, nimemwambia hio ndo ya kwanza watakayomuomba.